Kulainisha Konea kwa Leza: Lini Tukate, Lini Tungoje

Mabibi na mabwana, madaktari wenzangu, na hasa ninyi mliofanyiwa upasuaji wa kurekebisha uoni na bado mnasumbuka: asanteni kwa kunialika.

Kuna mgonjwa ambaye kila daktari wa macho anamjua. Alipigwa leza ili aachane na miwani. Miezi imepita. Ukimkalisha mbele ya ubao wa herufi anasoma mpaka mstari wa 6/6, polepole, huku amekunja uso, na anayempima anaandika kwenye faili kwamba upasuaji umefaulu. Kisha mgonjwa anasema: lakini daktari, usiku taa moja naiona tatu. Herufi zina kivuli. Nikisoma kwa muda kichwa kinaniuma. Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba atazoea. Wapo wanaozoea kweli. Wengine hawazoei, maana shida yao ipo kwenye uso wa konea, na inapimika. Ubao wa herufi unapima udogo wa herufi unayoweza kuitambua tu. Haukuulizi umeiona ikiwa safi kiasi gani.

Nimeombwa nizungumzie leza inayotumika kuutengeneza uso huo, matibabu ambayo kwa kifupi yanaitwa PTK. Najua baadhi yenu mmekuja mkitarajia kusikia kwamba kuna mashine inayofuta kasoro zilizoachwa na mashine ya kwanza. Mashine ipo. Ila yenyewe haijui kasoro iko wapi, na karibu kila nitakachosema leo kinatokana na hilo.

Konea ni ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, inayofunika mboni na duara la rangi linaloizunguka. Unene wake katikati ni kama maikroni 540, yaani nusu milimita na ushei. Haina mshipa wa damu hata mmoja. Oksijeni inaipata hewani kupitia machozi. Neva inazo tele, ndiyo maana kijivumbi kidogo tu kinamtoa mtu mzima machozi. Na katika kazi yote ya kupinda mwanga ndani ya jicho, takriban theluthi mbili hufanywa na konea. Kasoro ya maikroni chache, ambayo kwenye ngozi ya mkono usingeiona kamwe, hapa inavuruga picha nzima.

Juu kabisa kuna ngozi ya seli yenye unene wa maikroni 50 hivi, inayojifanya upya kila baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Chini yake kuna tabaka jembamba la Bowman, lililopewa jina la tabibu Mwingereza wa karne ya 19. Chini ya hilo ndipo penye stroma, mwili wenyewe wa konea: nyuzi za kolajeni zilizopangwa kwa utaratibu mkali kiasi kwamba mwanga unapita bila kutawanyika. Ngozi ya juu ukiikwangua inaota tena. Tabaka la Bowman likiondoka limeondoka. Stroma ikijeruhiwa inajiponya kwa kovu, na kovu halina ule utaratibu.

Sasa leza yenyewe. Inaitwa eksima, na mwanga wake ni urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193. Nishati iliyomo ndani ya mwanga huo inatosha kukata vifungo vinavyoshikanisha molekuli za konea, hivyo tishu inayopigwa hupeperuka bila kuunguza iliyo jirani. Kila pigo linaondoa takriban robo ya maikroni. Mwaka 1981 mwanakemia wa IBM, Rangaswamy Srinivasan, alipeleka maabara huko Yorktown Heights, New York, mabaki ya bata mzinga wa sikukuu. Yeye na wenzake James Wynne na Samuel Blum wakayapiga leza hiyo, wakakuta mkato safi usio na ukingo ulioungua. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel wa Chuo Kikuu cha Columbia, akishirikiana na Srinivasan, akachapisha majaribio ya kuitumia kwenye konea. Na mwaka 1995 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu kwanza kwa magonjwa ya uso wa konea, kisha baadaye mwaka huohuo kwa watu wasioona mbali. Yaani leza hii ilipewa ruhusa ya kutibu kabla ya kupewa ruhusa ya kuwavua watu miwani. Matangazo mnayokutana nayo, bila shaka, yote ni ya hiyo kazi ya pili.

Watu wengi, na madaktari tumo, tunaifikiria PTK kama randa ya seremala: inapita juu ya ubao, inanyoa palipoinuka, inaruka palipobonyea. Ingekuwa hivyo, mhadhara huu ungeishia hapa. Leza hainyoi namna hiyo. Inaondoa unene uleule kila inapopiga. Uso wenye kilima na bonde ukiupiga maikroni 20, utabaki na kilima kilekile na bonde lilelile, maikroni 20 chini zaidi. Ulaini hautoki kwenye leza. Unatoka kwenye kile tulichokiweka juu ya konea kabla ya kupiga, au tulichoamua kukiacha pale.

Cha kuweka ni majimaji mazito, kwa mfano methiliselulosi au hayaluroneti. Majimaji yanatuama mabondeni, vilele vinabaki wazi. Leza ikipiga, vilele vinakatwa, na mabondeni inamaliza nguvu yake kwenye majimaji. Kwa maneno ni rahisi. Kwa mkono, majimaji yakiwa mazito mno yanafunika hata vilele, yakiwa mepesi mno yanatiririka yote. Hapa hakuna programu ya kompyuta inayomsaidia daktari. Kuna macho yake na mazoea yake.

Cha kuacha ni ile ngozi ya juu, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo kosa kubwa linapofanyika. Seli za ngozi ya juu zina tabia ya kusawazisha. Stroma ikiwa na bonde, ngozi juu yake inanenepa. Ikiwa na kilima, ngozi inakonda. Ni msaada mkubwa kwa mwenye jicho, maana sehemu ya kasoro inafichika. Lakini vilevile inamficha daktari. Ramani ya konea tunayoipiga kwa mashine inasoma uso wa nje tu, ule ambao tayari umeshasawazishwa. Daktari akiikwangua ngozi yote kwa mkono, kisha akapiga leza kwa kufuata ramani ile, anatibu uso ambao ameshautupa.

Kwa hiyo mara nyingi ni afadhali ngozi ibaki, na leza ipite ndani yake kutoka juu. Palipo na kilima, ngozi ni nyembamba, inaisha mapema, leza inaanza kula kilima. Palipo na bonde, ngozi ni nene, leza bado inahangaika nayo. Jicho limejiwekea majimaji yake lenyewe, na limeyaweka kwa usahihi kuliko mkono wa yeyote kati yetu. Siku hizi kipimo cha picha za tabaka za mbele ya jicho, OCT, kinaweza kuonyesha unene wa ngozi hiyo sehemu kwa sehemu. Mgonjwa anayetaka kurekebishiwa uso wa konea na hajapimwa unene wa ngozi ya juu, mimi ningemwambia aulize kwa nini.

Chumbani inakuwa hivi. Mgonjwa amelala chali, yuko macho, jicho lina ganzi ya matone na kope zimezuiwa na kijiwaya zisifunge. Anakazia macho taa ndogo inayowakawaka. Taa za chumba zinapunguzwa. Leza inaanza kugonga, tak-tak-tak, na harufu kama ya nywele zilizoungua inapanda. Wengi hushtuka, ingawa hakuna kinachoungua. Kwenye darubini daktari anaona kitu ambacho mgonjwa haoni. Ngozi ya juu ikipigwa na mwanga ule inang'aa bluu hafifu kwa kila pigo. Bluu, bluu, bluu. Mara doa jeusi linachomoza katikati ya bluu: pale ngozi imekwisha na stroma imefikiwa. Kama vipimo vilikuwa sawa, doa linatokea palepale kilima kilipotarajiwa. Likitokea kwingine, daktari mwenye busara anainua mguu kwenye pedali na kufikiri upya. Huko kusimama na kuanza tena, kudondosha tone la majimaji, kufuta kwa sifongo, kupiga tena kidogo, ndiko kunakochukua muda. Sekunde za leza zenyewe ni chache.

Ni kasoro zipi basi zinazofika kwenye meza hiyo?

Ya kwanza ni ukungu. Huu hutokea hasa baada ya PRK, upasuaji ambao leza hupigwa juu ya konea moja kwa moja, tofauti na LASIK, ambayo kwanza hukata tabaka jembamba la juu ya konea, tunaloliita kifuniko, na kuliinua ili leza ipigwe chini yake. Ngozi ya juu inapoondolewa pamoja na utando wake wa chini, ishara za uponyaji zinapenya hadi kwenye stroma, na baadhi ya seli za pale zinageuka kuwa seli za kovu. Seli hizo si angavu, na kolajeni zinayoitengeneza haina mpangilio. Kadiri namba ya miwani iliyofutwa ilivyokuwa kubwa, ndivyo hatari inavyokuwa kubwa. Juu ya dayopta 6 (dayopta ndiyo kipimo cha namba hiyo) tunakuwa waangalifu zaidi. Jua kali nalo linachangia, ndiyo maana mnasisitiziwa miwani ya jua miezi ya mwanzo.

Ukungu hafifu ni wa kawaida, unafikia kilele katika miezi michache ya mwanzo, kisha kwa walio wengi unafifia wenyewe ndani ya mwaka. Mgonjwa anayekuja mwezi wa tatu akiomba PTK kwa ajili ya ukungu, ninamrudisha nyumbani na matone, na najua hatafurahi. Konea iliyo katikati ya kujiponya ukiijeruhi upya, unaweza kuiamshia kovu kubwa kuliko lile la mwanzo. Ukungu ukigoma kuondoka, na uoni umeshuka kweli, hapo leza ina nafasi yake, na kwa kawaida tunaweka pia maitomaisini C kwa asilimia 0.02, kwa muda usiozidi dakika mbili, kisha tunaiosha kwa maji mengi. Ni dawa iliyotoka kwenye tiba ya saratani. Inazuia seli za kovu kuzaliana. Haichezewi, ina sumu kwa seli, na ndiyo sababu muda wake unahesabiwa kwa saa mkononi.

Ya pili ni kubanduka kwa ngozi ya juu. Mwenye tatizo hili hahitaji daktari amweleze. Anaweza kumweleza daktari. Amelala vizuri, alfajiri anafumbua jicho, na maumivu yanamchoma kama amekatwa. Usiku machozi hupungua, kope inagandana na ngozi isiyoshika vizuri, na inapoinuka inaibandua. Baada ya LASIK hali hii huwapata zaidi wale ambao utando wa chini ya ngozi yao ulikuwa dhaifu tangu kabla, udhaifu ambao mpimaji makini angeweza kuuona kwa darubini kabla ya siku ya upasuaji. Tunaanza na mafuta ya macho ya kulalia, matone ya chumvi nzito, wakati mwingine lenzi laini ya kufunika jicho. Wengi wanapona hapo. Wakishindikana, leza inapigwa kwa kina cha maikroni chache tu, tano hadi kumi, ili ngozi mpya ipate mahali pa kushika. Kati ya matumizi yote ya PTK, hili ndilo ninaloliamini zaidi.

Ya tatu ni uso usio sawa: leza ya kwanza iliyopiga pembeni ya katikati, eneo lililotibiwa kuwa dogo mno, makovu ya maambukizi yaliyopona, au mikunjo myembamba ya kifuniko cha LASIK iliyozeeka. Nasema iliyozeeka kwa sababu mkunjo mpya una dawa yake: kifuniko kinainuliwa na kunyooshwa mapema, katika siku za mwanzo, na leza haihusiki. Haihusiki pia na seli zilizoota chini ya kifuniko, hizo zinakwanguliwa. Wala uvimbe wa siku za mwanzo chini ya kifuniko, ambao ni wa kutibiwa kwa matone ya steroidi. Wala jicho kavu, na hapa naomba radhi kwa kulipitia haraka jambo kubwa: LASIK inakata neva za konea, machozi yanavurugika kwa miezi, na uso mkavu unapotosha ramani yoyote utakayoipiga. Ukavu unatibiwa kwanza, ndipo tunapima.

Na kuna konea ambayo haiguswi kabisa. Ile iliyoanza kutuna kwa sababu imedhoofika baada ya upasuaji wa kwanza, kuiondolea tishu zaidi ni kuiongezea ugonjwa. Hiyo inapelekwa kwenye tiba ya kukaza kolajeni.

Tuhesabu pamoja, maana watu husahau kwamba tishu hii hairudi. Konea ni maikroni 540. LASIK ya dayopta 5 za kutoona mbali, kwenye eneo la milimita 6, inaondoa kama maikroni 60. Kifuniko kilikuwa 110. Chini ya kifuniko zimebaki 370, na mpaka ambao madaktari wengi hawauvuki ni 250. Mtu anaona kuna akiba nzuri. Lakini PTK inapigwa kutoka juu, kwenye kifuniko. Katika zile 110, ngozi ya juu ni 50. Stroma ya kifuniko ni maikroni 60 tu. Kovu likiwa na kina cha 80 ndani ya stroma, chini ya ngozi ya juu, leza haiwezi kulifuata bila kutoboa kifuniko, na akiba ya chini haikusaidii kitu. Kwa hiyo hatulifuati kovu mpaka mwisho. Tunalainisha juu yake na kuliacha lililobaki, kwa sababu kinachomsumbua mgonjwa mara nyingi ni mawimbi ya uso kuliko weupe wa kovu lenyewe.

Kuna gharama nyingine inayosahaulika katika maelezo ya kliniki. Konea ikipigwa PTK kwa kina, katikati yake huwa bapa kidogo, na jicho linasogea kuelekea kutoona karibu. Mtu aliyelipia upasuaji ili avue miwani anaweza kutoka na uso laini, picha safi, na miwani mpya. Wengi huridhika, mradi waliambiwa mapema. Asiyeambiwa atahisi ametapeliwa, na sitamlaumu.

Ndiyo maana, kabla ya leza, ninapenda kumjaribisha mgonjwa lenzi ngumu ya kuvaa jichoni. Machozi yanajaa kati ya lenzi na konea, mabonde yanafunikwa, na lenzi inakuwa uso mpya laini. Kama taa tatu zimerudi kuwa moja, tumejua kwamba shida ni uso wa konea. Kama hazikurudi, hata PTK haitazirudisha, tutafute kwingine: lenzi ya ndani, retina, au mwanzo wa mtoto wa jicho. Kipimo hiki ni cha dakika chache na hakiondoi hata seli moja. Na kwa baadhi ya watu kipimo kinageuka kuwa tiba: wanaiona dunia vizuri kwa lenzi kubwa inayokaa juu ya weupe wa jicho, wanaivua usiku, na hawaoni sababu ya kukatwa tena. Sioni hilo kama kushindwa.

Baada ya leza, tarajieni maumivu kwa siku tatu hadi tano, mpaka ngozi ifunge. Mtavalishwa lenzi laini kama bandeji, msiitoe wenyewe. Kutakuwa na matone ya antibayotiki, na matone ya steroidi yanayopunguzwa polepole kwa wiki au miezi. Steroidi inaweza kupandisha presha ya jicho bila wewe kuhisi chochote, hivyo miadi ya kupimwa presha msiikose kwa sababu jicho "linajisikia vizuri". Aliyewahi kuugua hepesi ya jicho aseme kabla, hata kama ni miaka mingi, maana leza inaweza kuiamsha, na kuna vidonge vya kuizuia. Na yale matone ya ganzi yaliyowatuliza chumbani, msiombe chupa ya kwenda nayo nyumbani. Yanatuliza kweli, lakini yakitumiwa mara kwa mara yanazuia ngozi kufunga, na yapo macho yaliyoharibika kabisa kwa chupa hiyo. Uoni nao utayumba kwa wiki kadhaa. Usipime mafanikio mwezi wa kwanza.

Nimalizie na karatasi. Kila aliyewahi kupigwa leza, siku moja huenda atahitaji upasuaji wa mtoto wa jicho, na lenzi atakayowekewa inachaguliwa kwa hesabu inayotegemea umbo la konea. Leza imelibadilisha umbo hilo kwa namna inayoidanganya mashine ya kupimia. Ikisomwa bila kujua historia, aliyekuwa haoni mbali anaweza kuwekewa lenzi itakayomwacha haoni karibu. Kwa hiyo ombeni nakala ya vipimo vya kabla ya upasuaji wa kwanza, vya baada yake, na kina kilichoondolewa kila mara, PTK ikiwemo. Kliniki huhama, mashine hubadilishwa, faili hazimfuati mgonjwa.

Sasa tuingie kwenye maswali. Walio na ramani zao za konea mkononi waanze, tuzisome pamoja.